Figo ya Kuwekeshwa

Kufika siku ya tatu ya msiba, Mwamapalala nzima ilikuwa imeshakubaliana kwamba Felisita ana roho ngumu. Dada wa marehemu, wa tumbo moja, na hajatoa hata chozi la kuazima! Alikaa kwenye kona ya turubai amevaa barakoa, chupa yake ya maji miguuni, akiitazama mikono yake kana kwamba kuna mtu kaisahau pale akaondoka. Chakula cha msibani alikionja kwa adabu tu. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilipomfikia, alitikisa kichwa kikapita. Wanawake wa jikoni wakatupiana macho, na wanawake wa jikoni msibani wakitupiana macho, habari inafika kijiji cha pili kabla ugali haujaiva.

Ukweli ni kwamba Felisita alikuwa amekufa ganzi. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kibanda chake cha cherehani mjini Bariadi, anashona sare za shule, simu ikaita, akaambiwa lori la pamba limemgonga kaka yake Luhaga akiwa kwenye pikipiki, na kwamba hakuna haja ya kukimbia. Alishukuru kwa taarifa. Akamalizia mfuko wa shati aliokuwa ameuanza, akakata uzi, akafunga kibanda. Tangu hapo kitu pekee alichoweza kukifikiria bila kupotea njia ni ule mfuko. Ulikuwa umenyooka vizuri sana.

Jumatano walimzika. Watu walisema, kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu anaisikia, kwamba mtu wa figo moja hana maisha marefu, ndiyo hayo sasa. Upuuzi mtupu. Gurudumu la lori halina habari na figo za mtu, moja, mbili wala kumi. Lakini figo moja ya Luhaga kweli haikuzikwa naye. Ilikuwa imekaa pale kwenye kona ya turubai, ndani ya Felisita, upande wa kulia chini ya tumbo, na ilikuwa na miaka minne humo.

Miaka minne iliyopita figo za Felisita zote mbili zilikwisha kwa sababu ya presha. Kaka akapimwa, akafaa, wakaenda Dodoma wakapasuliwa siku moja, vitanda jirani. Kabla ya safari, Daktari Januarius, yule wa kliniki ya Felisita ya Mwanza, ndiye aliyewaeleza habari ya dawa. Mwili una askari wake, alisema. Askari hawa wakikuta kitu cha mtu mwingine wanakipiga mpaka kife, hawaulizi kimeletwa kwa wema au kwa ubaya. Kwa hiyo kuna dawa za kushusha kinga, zinawatia askari usingizi wa nusu nusu, ili mgeni akae bila kujulikana. Saa moja asubuhi na saa moja jioni, kila siku, mpaka mwisho wa maisha. Na kwa kuwa askari wamesinzia, magonjwa mengine yanaweza kuingia yakitembea, ndiyo sababu ya barakoa, maji ya kuchemsha, na kukataa maziwa yasiyochemshwa hata kama yametoka kwa mama mkwe. Kijijini, waliosikia neno kinga walimpangia ugonjwa wanaoujua wao. Felisita hakuhangaika kuwasahihisha.

Luhaga hadithi ya askari hakuipenda. Alikuwa mtu wa ng'ombe.

"Askari gani?" alisema, kalala chali na mirija ubavuni. "Hii ni ng'ombe wa kuwekeshwa, basi. Daktari anaizungusha tu."

Desturi yenyewe kila mtu wa huku anaijua. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Anachukua kadhaa, anamwekesha rafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipita usiwamalize kwa siku moja. Rafiki anachunga, anakunywa maziwa, anatia samadi shambani kwake, ila ng'ombe ni wa mwenyewe. Hauzwi, hachinjwi. Akifa kwa bahati mbaya, mchungaji anabeba ngozi na kuipeleka kwa mwenyewe, iwe ushahidi.

"Nilikuwa na mbili zizi moja," Luhaga akaendelea. "Moja nimekuwekesha wewe. Maziwa kunywa. Kuuza, hapana."

Muuguzi alicheka mpaka akashikilia toroli. Utani ule haukuisha. Kila siku saa moja jioni, kwa miaka minne, Luhaga alimpigia dada yake. "Ng'ombe amekunywa?" Na Felisita, vidonge vikiwa bado vinashuka kooni, alijibu, "Amekunywa." Mara nyingi simu iliishia hapo. Akiishiwa salio alibipu, Felisita akapiga yeye. Kengele ya simu ilikuwepo kwa ajili ya dawa, lakini Felisita hakuwahi kuisikiliza kwa makini, maana kaka alikuwa anaitangulia.

Sasa, desturi ile ina sehemu ya pili, na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Mwenye ng'ombe akifa, wote waliowekeshwa wanakuja siku ya kumaliza msiba na kusema mbele ya ukoo: mimi ninao wangapi, wako hivi na hivi. Anayenyamaza, akamsukumia ng'ombe wa marehemu katikati ya kundi lake asijulikane, huyo hakuna jina baya linalomtosha. Anamwibia mtu asiyeweza kuja kuuliza.

Jumatano jioni, baada ya mazishi, kengele ililia na hakuna aliyepiga. Felisita alikuwa nyuma ya nyumba ya marehemu, vidonge viganjani, chupa ya maji imefunguliwa. Wazo likamjia taratibu, bila haraka yoyote, lenye kingo zilizonyooka. Kazi ya dawa hii ni nini? Ni kumficha mgeni, ili mwili usijue ni wa nani. Na mwenye mgeni amezikwa leo. Kwa hiyo kila kidonge nitakachomeza kuanzia sasa, ninamficha ng'ombe wa marehemu kundini.

Akavirudisha kwenye kopo lake, akafunga kifuniko. Hakuwa anatafuta kifo, tusimsingizie. Ungemwuliza kama anataka kufa angekwambia hajalifikiria jambo hilo. Alijua fika kwamba bila dawa askari wataamka. Alilijua kama mtu anavyojua jina la mkuu wa wilaya, ni kitu cha kweli lakini hakimgusi. Alhamisi asubuhi hakumeza, Alhamisi jioni hakumeza. Ijumaa vilevile. Kengele ikilia alikuwa anaibonyeza inyamaze, na waliokaa karibu walidhani ni simu ya mtu asiyemtaka.

Jumamosi aliamka na joto mwilini. Mkojo ulikuwa kidogo na wa rangi nzito, na chini ya tumbo upande wa kulia kulikuwa na maumivu mazito yasiyo na haraka. Aliyaangalia yale maumivu kwa muda, kisha akaenda kukaa kwenye kona yake. Ilikuwa siku ya kumaliza msiba.

Mzee Mahona, baba mdogo wao, ndiye aliyesimamia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kofia gotini, na wanaume wamemzunguka. Wanawake walikuwa upande wa pili, na mbele yao Esteria, mke wa marehemu, sauti imemkauka kwa kulia. Mahona aliita waliowekeshwa. Wakasimama majirani wawili, wakasema, wakakaa. Kisha akasimama mtu mrefu, mwembamba, viatu vimejaa vumbi mpaka kwenye kamba.

"Mwangaluka," alisema.

"Mwangaluka," wakaitikia.

"Mimi ni Salu, wa Bukundi, kule Meatu. Luhaga aliniwekesha ng'ombe watano mwaka ule wa njaa. Leo wako kumi na mmoja. Mmoja alikufa, ngozi yake nililetaga mwenyewe hapa, shemeji anajua."

Esteria aliitikia kwa kichwa.

"Wana hali gani?" Mahona akauliza, kama inavyoulizwa.

"Wanakula, wanakunywa. Yule mwekundu wa baka usoni ana kidonda kwenye kwato, natibu. Mkiwataka nitawaleta. Mkisema nikae nao, nitakaa nao."

Watu wakanong'ona kwa kuridhika. Mahona akaishika kofia yake, maana alishaona kazi imeisha. "Kuna mwingine?" akauliza kutimiza tu desturi.

Felisita akasimama. Akaishusha barakoa ili asikike.

"Mimi," alisema. "Nina figo yake."

Upande wa vijana mtu alicheka, akatulizwa kwa kiwiko. Mahona akamtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama aliyechoka.

"Kaa, ng'wanawane, kaa mwanangu. Ile alikupa."

"Hakunipa, baba mdogo. Aliniwekesha. Alisema kwa mdomo wake, na kila siku alikuwa ananiuliza."

Basi pakazuka mabishano. Mmoja alisema kitu kilicho ndani ya mwili wa mtu hakiitwi mali ya msiba. Mwingine akajibu kwamba kama mwenyewe alitamka kuwekesha, basi kawekesha, ukoo hauwezi kubadili maneno ya marehemu akiwa bado mbichi kaburini. Binamu mmoja aliyewahi kukaa Dar alianza kueleza sheria, akaambiwa anyamaze. Felisita alisimama katikati ya kelele zile na hakusikia aibu, hakusikia chochote. Miguu tu ilikuwa inamuuma.

Salu wa Bukundi ndiye aliyeuliza swali lenyewe. Hakulipandishia sauti, na alimwita mayu, yaani mama, kwa heshima.

"Mayu, ana hali gani?"

Kelele zikaisha. Hakuna aliyecheka, kwa sababu uso wa Salu haukuwa na utani hata chembe. Alikuwa anauliza kama mchungaji anavyomuuliza mchungaji mwenzake, na swali la namna hiyo halijibiwi kwa uongo.

"Sijamnywesha tangu Jumatano jioni," Felisita alisema.

"Kwa nini?"

"Mwenyewe amekufa. Dawa ninayompa ni ya kumficha asijulikane ni wa nani. Nikaona nikiendelea nitakuwa namficha ng'ombe wa marehemu."

Esteria aliinua kichwa. Mzee Mahona aliweka kofia chini. Wanawake wa jikoni, waliokuwa wamehesabu machozi tangu Jumatatu, wakaacha kuhesabu.

Salu akakuna shingo. Alikuwa mtu wa maneno machache na haya yalimpa kazi. "Mimi habari ya msiba ilinikuta lamboni," alisema. "Ng'ombe walikuwa wamefika, hawajanywa bado. Nikalia. Nililia sana, sioni haya kusema. Halafu nikawanywesha wote, mpaka ndama wa mwisho, ndipo nikaenda kutafuta gari la kuja huku. Kumficha ni kunyamaza, mayu. Wewe umesimama umemtaja, hapo humfichi tena. Lakini umekaa siku tatu hujamnywesha, unamngoja nani?"

Lile wazo lililonyooka vizuri, alilolibeba Felisita tangu Jumatano, alilitafuta akakuta limelegea mishono yote. Hakusikia hofu hata hapo. Alisikia aibu kidogo tu, aibu ya kazi mbaya, kama siku aliyowahi kumkatia mteja suruali fupi.

"Baba," Esteria alimwambia Mahona kwa sauti ile iliyokwaruza, "mwenye ng'ombe wa Luhaga sasa ni nani?"

"Ni wewe na watoto wako. Sisi tunasimamia tu."

"Basi nataka kumwona wangu."

Akamshika Felisita mkono, akamwingiza ndani ya nyumba, akarudisha mlango. Chumbani koti la Luhaga lilikuwa bado limening'inia kwenye msumari. Felisita akainua blauzi, akashusha sketi kidogo. Esteria alitazama kovu refu lililopinda, akashangaa.

"Huku mbele? Mimi nilijua wameiweka mgongoni."

"Wanaiweka huku mbele."

Esteria akaweka kiganja. Felisita alikiona kile kiganja kimetua, lakini hakukisikia, kwa kuwa ngozi ya kuzunguka kovu ilikufa ganzi tangu siku ya upasuaji na haikuwahi kuamka. Alisikia uzito tu, kwa ndani zaidi, mahali panapouma.

"Ana joto," Esteria alisema.

"Ni homa, wifi. Si dalili nzuri."

Esteria hakuondoa mkono. "Nilimshika pale hospitali, Felisita. Mikono, uso, miguu. Kote alikuwa wa baridi. Miye nikasema basi, sitashika tena kitu cha Luhaga chenye joto." Akajifuta kwa mkono mwingine. "Kumbe ulikuwa umekaa nacho pale pembeni, unakiua. Dawa ziko wapi?"

"Kwenye mkoba."

"Mimi simchukui, sina pa kumweka. Utamchunga wewe. Na nikisikia umemnyima tena, nitakuja Bariadi na fimbo, nikuchape mbele ya wateja wako. Unanisikia?"

"Nakusikia."

Walimpigia Daktari Januarius wakiwa palepale kitandani. Hakufoka. Aliuliza ni dozi ngapi zimepita, akaambiwa sita. "Ameze dozi yake ya kawaida sasa hivi," alisema. "Asiongeze ya kufidia. Na leo hii aje Mwanza, asingoje kesho." Felisita akameza. Salu, aliyekuwa anarudi Bukundi upande mwingine kabisa, alimbebea mkoba mpaka barabarani na hakupanda gari lake mpaka alipomwona Felisita kapanda la kwake.

Mwanza walimtoa damu, wakamchunguza tumbo, wakachukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Jumapili mchana daktari alikuja na karatasi, akavuta stuli. Askari walikuwa wameamka, alisema, wakaanza kupiga. Atapewa dawa kali ya mshipani siku tatu, kuwarudisha usingizini. Kuna sehemu ya figo imeumia na hiyo haitarudi. Iliyobaki inaweza kumtosha kwa miaka, au isimtoshe, na kwa leo yeye hawezi kuahidi.

Felisita alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo daktari hakulitegemea.

"Ikifa, mnaitoa?"

"Mara nyingi hatuitoi. Isipoleta matatizo tunaiacha ilipo."

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kupeleka nyumbani."

"Kupeleka nyumbani?" Daktari alimtazama. "Hapana. Hakuna kitu."

Alipoondoka Felisita alilala akitazama maji ya dripu yakidondoka. Ng'ombe akifa, ngozi inakwenda kwa mwenyewe. Bila ngozi, mchungaji anaweza kusema lolote, nani atajua? Akafikiria hilo mchana kutwa, polepole, bila uchungu, kama mtu anayesoma tangazo la zamani ukutani.

Saa moja jioni kengele ililia. Alivitoa vidonge, akaviweka kiganjani, akanyoosha mkono kuchukua maji. Simu ikaita. Kwenye kioo ilitokea ile picha ya kofia imeinamishwa upande, na jina: Kaka Luhaga.

Simu iliita mara tatu, nne. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kumwangalia. Felisita akapokea.

"Haloo, wifi." Alikuwa Esteria. Nyuma yake ng'ombe walikuwa wanaingia zizini, wanalia, na mtu anawapigia mluzi. "Natumia simu yake, kioo tu ndicho kimepasuka." Akajipanga kusema maneno ambayo hayakuwa yake. "Ng'ombe amekunywa?"

Felisita akavitia vidonge mdomoni, akanywa maji, akameza.

"Amekunywa."

"Ana hali gani?"

"Ameumia. Wananiwekea dawa ya mshipani. Kuna sehemu haitarudi, wifi, mimi ndiye niliyeiua. Na nimemuuliza daktari. Akifa hawamtoi, wanamwacha humohumo. Hakutakuwa na ngozi ya kukuletea."

Mluzi ulisikika tena, na lango la zizi likiburuzwa.

"Basi utaniambia tu kwa mdomo," Esteria alisema. "Nitakuamini."

Hapo Felisita alilia. Ilimtoka kwa sauti kubwa, mbaya, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akateremka kwenda kumwita muuguzi, na dripu ikatikisika kwenye chuma chake. Alimlilia kaka yake wa tumbo moja, kwa jina, kwa Kisukuma, kama alivyotakiwa kumlilia tangu Jumatatu. Esteria hakukata simu. Alikaa kwenye laini akisubiri, na salio likienda, mpaka lango likafungwa na ng'ombe wote wakatulia.